Kimo cha Ukutani

Ulaanbaatar, mtaa wa mlimani

Tulipofika hapa tulikuwa na lori moja,
hema la sufu limekunjwa kama mgonjwa,
jiko, dohani, na ngozi za kondoo mia mbili
ambao theluji ya mwaka ule haikutubakizia hata mmoja.

Jambo la kwanza tulilofanya si kuwasha moto.
Tulijenga ua.
Mbao nene, misumari ya inchi nne,
maana jirani alisema: zungushia, ndipo patakuwa pako.
Nasi ambao babu zetu hawakujua mpaka
ila pale jicho lilipochoka,
tukajifungia kwenye mita mia saba za mraba.

Miaka kumi na moja.
Gunia la makaa asubuhi, gunia la makaa usiku,
mtoto anakohoa kikohozi
ambacho daktari anakijua kabla hatujavua makoti.
Choo ni shimo, na Januari shimo huota mnara
(usiniulize; Januari ni hasi thelathini na nane).

Kule bondeni maghorofa yalipanda.
NAFUU, bango lilisema, kwa herufi ndefu kuliko hema langu.
Nikaingia benki, kofia mkononi.
Binti wa dirishani, Narmandakh, alipiga hesabu mara mbili kwa huruma:
mshahara wangu wa ulinzi, ukikatwa theluthi,
ungemaliza deni nikiwa na miaka mia na nne.
Nafuu ya nani? nikamwuliza.
Akainamisha macho. Hata yeye, alisema, analala kwetu huko juu.

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.
Yeye alizijua zetu zote.
Akaja Jumapili na karatasi ya mraba-mraba,
akachora kaya nne, nyua zimeondolewa,
nyumba moja ya ghorofa mbili, mgongo kwa mgongo,
kuta nene kama mkono hadi kiwiko, zimeshindiliwa sufu,
sufu yetu wenyewe, ile inayonunuliwa kwa bei ya takataka,
bomba moja, deni moja vipande vinne.

Battsengel alikubali kabla chai haijapoa.
Mimi niliomba siku tatu.
Dorjpalam akasema hapana.

Hakupandisha sauti. Alitupeleka kwake,
akatuonyesha ubao wa tano kutoka langoni:
mikato ya kisu, mmoja kila mwaka mpya,
kimo cha Ankhbayar, kuanzia gotini kwa mama yake
hadi begani. Begani ikakoma.
Majira ya moshi, mapafu, usiku mmoja.

Nani angebishana na ubao?
Narmandakh alikunja karatasi yake. Tukaondoka.

Ni Dorjpalam mwenyewe aliyekuja, mwezi wa tano,
barafu ikidondoka kutoka dohanini,
ubao umelala begani mwake.
"Zege lenu," alisema, "mtalimwaga ndani ya nini?"
Ndani ya mbao, tukasema. Na mbao ni ghali.
"Basi chukueni ua wangu wote. Ila huu nitaugongomelea mimi,
uso wake ndani."

Tukamwaga. Tukangoja siku saba.
Tulipobandua, ukuta ulikuwa umeshika kila kitu:
mistari ya mti, jicho la ubao, msumari uliopinda,
na mikato ya kisu imetokea nje;
yaliyokuwa mashimo sasa ni matuta,
kimo juu ya kimo, unakisoma gizani kwa kidole.

Sitasema mambo yameisha vizuri.
Bomba liliganda Februari, tukagombana nani alifunga vali.
Battsengel amechelewa malipo mawili.
Na jana, juu yetu, lori jipya limeshusha hema;
mwanamume anapigilia ua kabla hajawasha moto.

Lakini humu ndani ni nyuzi kumi na tisa, jiko limezimwa.
Binti yangu amevua soksi.
Anasimama kwenye ukuta wa Dorjpalam, mgongo umenyooka,
anauliza kama amefika tuta la sita.
Dorjpalam anaweka kiganja juu ya kichwa chake
na kwa muda mrefu hasemi ni la ngapi.